Inazima Dakika ya Tano

Baba hakuwa mtu wa kuomba msaada. Miaka thelathini na minane alikaa nyuma ya meza yake ya ufundi akifufua redio ambazo wenyewe walikwisha kuziombolezea, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema, "Hii imenishinda." Alichosema ni, "Njoo kesho." Alilisema neno hilo mara nyingi mno, mpaka mtaa ukamvua jina alilopewa na wazazi wake ukamvika la kwao: Fundi Kesho. Kwa hiyo simu ilipolia Jumamosi asubuhi, na sauti yake ikasema, "Bisibisi, njoo leo," binti yake aliacha chai kikombeni akatafuta viatu.

Bisibisi nalo si jina la kwenye cheti. Alilipata akiwa na miaka minne, enzi alizokuwa haiachi bisibisi ndogo ya baba yake, analala nayo kama watoto wengine wanavyolala na mdoli. Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba, na kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za chuo kimoja, themanini na mbili kwa idadi, kila moja na madeko yake.

"Kuna nini, baba? Unaumwa?"

"Mimi mzima. Kompyuta ya mama yako inazima."

"Tangu lini?"

"Si leo."

Alipofika, wa kwanza kumwona hakuwa baba bali fundi cherehani wa nyumba ya pili, mama mnene mwenye futi ya kitambaa shingoni, amesimama mlangoni pake na pasi mkononi.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Baba yako anatutia wazimu."

"Shikamoo, mama mdogo. Amefanya nini?"

"Marahaba. Leo asubuhi, kesho mchana, namsikia marehemu mama yako anazungumza mle ndani. Mara ya kwanza niliunguza suruali ya watu." Alionyesha pasi kama ushahidi. "Anazungumza wee, kisha kimya. Siku nyingine anaanza tena, maneno yaleyale."

"Anasema nini?"

"Sikusikiliza. Masikio yangu nina kazi nayo mwenyewe." Akashusha sauti. "Ila hamalizi, mwanangu. Kila mara hamalizi."

Bisibisi aliingia ndani akiwa na mkoba wake wa vifaa begani. Chumba cha mbele kilikuwa kama alivyokiacha siku ya mazishi, miezi miwili na nusu nyuma. Upande wa kushoto meza ya baba: chuma cha kulehemu, makopo ya skrubu, redio zilizofunguliwa matumbo, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Upande wa kulia meza ya mama, imefutwa ikang'aa, juu yake kompyuta. Mama alikuwa mchapaji. Mtaa mzima ulileta redio kushoto na maneno kulia: barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, malalamiko kwa mwenye nyumba. Maneno yalitoka siku ileile, yamenyooka, hayana kosa. Redio je? Wenyewe wanajua.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha mama. Alikuwa amekonda.

"Umekula, baba?"

"Usinipime mimi. Pima mashine."

Alianza na jepesi, kama alivyofundishwa na mzee huyuhuyu: usishike bisibisi kabla hujashika plagi. Akakagua waya, akabadilisha soketi, akaiunganisha moja kwa moja ukutani. Akachomoa nyaya za kibodi na kipanya, akazipangusa meno, akazirudisha. Akaiwasha. Ikawaka vizuri, kama mtu asiyejua kwa nini ameitwa.

"Inazima ukifanya nini?"

Baba alinyoosha kidole kwenye kioo. Katikati ya faili za wateja palikuwa na moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa: BABA BISIBISI.

"Wiki zake za mwisho," alisema, "vidole vilimvimba, akawa hawezi kuchapa. Kumbe alikuwa anajirekodi. Nimeiona baada ya mazishi."

"Na hukuniambia?"

"Imeandikwa jina lako?"

Bisibisi akabofya. Na mama akaingia chumbani.

"Baba Bisibisi, hujambo. Natumaini umekula. Kama hujala, zima hii ukale kwanza, nitakungoja." Akakohoa. Alizungumza kama alivyochapa, bila haraka, kila neno mahali pake. Akaeleza ufunguo wa kabati uko wapi. Akataja barua tatu za wateja ambazo hazijachukuliwa. Akasema shati la kijivu lipumzishwe, limechoka kuliko mwenye nalo, na akacheka peke yake. Bisibisi alishika ukingo wa meza. Hakuwa amejiandaa kwa kile kicheko. Baba yeye alikuwa ametazama saa ya mkononi, midomo inatembea, anamfuatisha marehemu neno kwa neno.

"Na kuhusu ile redio yangu..."

Kioo kikawa cheusi. Feni ikajizungusha mara moja tu, ikanyamaza.

"Umeona?" Baba alisema polepole. "Hapohapo. Siku anayofika kwenye redio, anakata. Hataki."

"Nani hataki?"

"Mama yako."

"Baba, kompyuta haina kinyongo."

"Za chuoni kwenu hazina."

Bisibisi aligeuka kuiangalia redio yenyewe. Ilikuwa juu kabisa rafuni, kijani iliyopauka, na kikaratasi chake kimefungwa kwa uzi kama cha mteja yeyote: *Mama Bisibisi*. Ilikuwa hapo miaka miwili. Mama alizoea kuisikiliza akichapa. Tangu iharibike, kila Ijumaa jioni wakifunga kazi, alikuwa anauliza, "Redio yangu vipi, fundi?" Na fundi anajibu neno lake. Wateja wakicheka, mama naye akicheka. Ulikuwa utani wa nyumba.

"Lakini si ungeruka tu?" Bisibisi aliuliza. "Ukibofya hapa mbele, unaanzia dakika ya tano, unasikiliza kilichobaki."

Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa ampige mama mjamzito.

"Miaka thelathini na moja nilikuwa namkata kauli. Hajamaliza, mimi nimeshajibu. Leo tena nimruke?"

"Basi niitoe diski, niiweke kwenye kompyuta yangu, dakika kumi tu tutakuwa..."

"Hapana. Kifaa hakijapona mpaka kizungumze chenyewe. Nani alikufundisha kazi?"

"Wewe."

"Haya."

Kisha akafungua droo, akatoa daftari. Ndilo alilotumia kwa kila redio iliyomsumbua: tarehe, saa, dalili. Bisibisi alilijua daftari hilo kuliko vitabu vya shule. Akalifungua akakuta kurasa nne zimejaa mwandiko wa baba uliosimama wima kama askari. *Asubuhi, kibaridi: dakika tano, sekunde arobaini na tisa. Mchana, jua kali: dakika nne na nusu, hakufika kwenye redio. Asubuhi: dakika tano, sekunde arobaini na mbili. Mchana: dakika nne.* Mara arobaini na tatu. Mara arobaini na tatu mzee huyu aliketi kwenye kiti hiki, akaambiwa na mkewe akale kwanza, akaachwa njiani.

Mstari mmoja ulikuwa umepigiwa chini mara mbili. *Mvua tangu alfajiri. Dakika tano, sekunde hamsini na nane. Amesema: NAJUA.*

"Najua nini?" Bisibisi aliuliza.

"Ndicho ninachotaka kujua." Alikuwa anatazama mikono yake. "Kuna jambo sikumwambia. Nataka kujua kama aliondoka analo au aliondoka hanalo. Nikishalijua hilo, uichukue hata ukaiuze."

Bisibisi akarudi kwenye kurasa. Siku ya mvua ilidumu zaidi. Asubuhi ilidumu kuliko mchana. Jua kali, haikufika popote. Alihisi ile furaha ndogo ya fundi anapoona ugonjwa unachungulia, akaionea aibu.

"Ni joto, baba. Inapata moto, inajizima isiungue."

"Joto linatoka wapi? Nimeisafisha kwa mkono wangu. Hata vumbi la kujaza kijiko hukuti."

"Umeifungua?"

"Siku tatu baada ya mazishi. Mama yako alikuwa analalamika, mashine inameza vumbi, mashine inameza vumbi. Nikasema ngoja nimfanyie." Akasogea, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikapata nyama. "Fungua uone kazi."

Akafungua skrubu nne za ubavuni. Ndani kulikuwa safi kama sahani. Feni ilizunguka bila kukwama. Akaligusa bonge la alumini lenye mbavu, lile linalokaa juu ya prosesa, ubongo wa mashine, kulinyonya joto lake. Lilikuwa na uvuguvugu tu, ilhali mashine ilikuwa imejizima kwa moto muda si mrefu. Akalifungua, akaliinua.

Chini yake prosesa ilikuwa inang'aa kama kioo. Uchi. Mahali hapo hutakiwa pawe na pesti, ile krimu nyeupe inayounganisha vipande viwili vya chuma ili joto lipande na kutoka. Hapakuwa na hata alama yake.

"Hapo ndipo palinipa kazi," baba alisema juu ya bega lake, anajivuna. "Palikuwa na uchafu mweupe umeganda, kama dawa ya meno iliyokauka. Nilitumia spiriti na pamba, saa nzima. Wanaotengeneza hizi mashine nao wachafu kweli."

Bisibisi alibaki ameinama. Daftari lilikuwa wazi pembeni yake, na hakuhitaji kulitazama tena: usafi siku ya tatu baada ya mazishi, kuzima kwa kwanza siku ya nne. Mzee alikuwa amemfungia mkewe mdomo kwa mikono yake miwili, kwa mapenzi, kwa spiriti na pamba, halafu akakaa miezi miwili na nusu akidhani ni mke aliyenuna.

"Umeona nini?"

"Hakuna," alisema. "Ni uzee tu wa mashine. Zikizeeka zinashika joto." Na kwa kuwa alijua baba akiiona krimu nyeupe ileile ikitoka kwenye bomba alilokuwa nalo mkobani ataelewa mara moja, akaongeza, "Baba, nichemshie chai basi. Yangu niliiacha nyumbani."

Aliposikia sufuria inagonga jiko, alitoa bomba, akadondosha tone moja, kubwa kama punje ya mchele, katikati ya prosesa. Akakandamiza bonge juu yake, akakaza skrubu. Mashine themanini na mbili, na hakuwahi kuifungia hata moja uongo ndani yake.

Baba alirudi na vikombe viwili. Akamkuta ameshafunga ubavu.

"Upesi hivyo?"

"Ilikuwa inataka kukazwa tu."

Waliketi, baba kwenye kiti cha mama, yeye kwenye kigoda cha wateja. Mama akasema natumaini umekula. Baba akanywa funda la chai, kama mtu anayetii. Ufunguo wa kabati. Barua tatu. Shati la kijivu. Dakika ya nne ikapita. Ya tano ikaingia. Baba alikuwa ameweka kikombe chini, mikono magotini, mgongo wima.

"Na kuhusu ile redio yangu..."

Kioo hakikuzima.

"...najua. Najua haina spika. Niliifungua mwenyewe ile siku uliyokwenda kununua vipuri. Nilichukua ile bisibisi ya mtoto. Nilitaka kuona ni ugonjwa gani huo usiopona, nikakuta tundu. Nikakaa pale na tundu langu mkononi. Nikajua umempa mteja."

Baba hakusogea.

"Sikukasirikia spika, baba Bisibisi. Spika ni karatasi na sumaku. Kila Ijumaa nilipokuuliza redio yangu vipi, unafikiri nilikuwa nataka redio? Nilikuwa nakufungulia mlango. Nilisema leo ataingia, atasema, mama Bisibisi, nilifanya hivi na hivi. Tungecheka yakaisha. Wewe unaniambia kesho, na watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Miaka miwili. Nikawa najiuliza, huyu mtu, kama hili dogo hawezi kuniambia, ni mangapi hayo ambayo hajaniambia?"

Pumzi ndefu, ya mgonjwa.

"Labda hakuna lingine. Labda lilikuwa hilo tu. Lakini umeniacha nahesabu. Haya, nimechoka. Ukimaliza kusikiliza zima hii mashine vizuri, fuata hatua zake. Usichomoe waya tu kama kawaida yako."

Kisha kukawa na mkwaruzo wa kiti kinachosogezwa, hatua mbili tatu za polepole, na mwisho. Dakika nane na sekunde kumi. Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe. Feni iliendelea kuzunguka, baridi, haina tatizo lolote duniani.

Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Mteja alikuwa amesimama pale mlangoni," baba alisema. "Alikuwa anasafiri siku ileile. Spika yake imechanika, na ya mama yako ni nzima, saizi ileile. Redio ya mama yako ilikuwa na kasoro ya waya tu, kazi ya dakika kumi. Nikasema nachukua hii, wiki hii natafuta nyingine, hatajua." Akafuta uso kwa kiganja. "Sikupata. Nikaona haya. Ukiona haya siku moja, ya pili inakuwa ngumu zaidi. Mwisho haya yenyewe inakuwa ndiyo habari."

"Baba..."

"Basi tu. Namshukuru Mungu mashine imesema. Afadhali hii ilikuwa uzee wake, haikunificha kitu."

Bisibisi alitazama kikombe chake. Angeweza kunyamaza. Mzee alikuwa amebeba ya kutosha, na nani angemlaumu mtoto kwa kumpunguzia baba yake mzigo? Uongo wake ulikuwa mdogo, punje ya mchele. Lakini alikuwa ametoka kusikia jinsi punje inavyokua ikifichwa rafuni.

"Si uzee," alisema.

"Nini?"

"Ule mweupe ulioufuta. Haukuwa uchafu, baba. Ndio unaotoa joto. Ulipoufuta ndipo ilipoanza kuzima. Nimeupaka mwingine ulipokuwa jikoni."

Baba hakuinua macho. Aliitazama mikono yake, kwanza mgongo, kisha viganja, kama vipuri vilivyoletwa na mtu asiyemjua. Kwenye mkunjo wa kidole gumba palikuwa na kovu la chuma cha kulehemu, la zamani kuliko Bisibisi.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Hukujua."

"Mara arobaini na tatu nimemsingizia." Akavuta pumzi. "Na wewe ungeniambia lini?"

Bisibisi alitaka kusema sasa hivi, alitaka kusema si nimekwambia. Lakini huyu ndiye aliyemfundisha kwamba ukiulizwa na mwenye kifaa, unajibu ulichokikuta.

"Kesho," alisema.

Baba aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyecheka. Alinyanyuka, akaiteremsha ile redio ya kijani kutoka rafuni. Ilikuja mkononi nyepesi kama kopo tupu. Akaiweka mezani kando ya kompyuta, uso wake ukiwaelekea, na kukilainisha kile kikaratasi kwa kidole.

"Anza upya," alisema.

"Baba, pumzika kwanza."

"Anza upya. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa najisikiliza mimi."

Akaanza upya. Natumaini umekula. Safari hii midomo ya baba haikutembea. Ufunguo wa kabati. Barua tatu, na Bisibisi akaona jicho lake limekwenda kuzitafuta, zikiwa bado kwenye trei, zimekunjwa vizuri. Shati la kijivu, ambalo alikuwa amelivaa. Kicheko. Mashine ilikuwa baridi. Ingeweza kwenda mpaka usiku bila kuchoka, na kila aliyekuwa chumbani alilijua hilo.

"Na kuhusu ile redio yangu..."

Mkono wa baba ukakifikia kipanya kabla mwanawe hajageuka. Alisimamisha sauti kabla ya lile neno ambalo hakuweza kulisikia mara ya pili. Kisha, polepole, akisoma kila neno kioo kilipomuuliza kama ana hakika, alifunga faili, akafunga kilichobaki, akaizima mashine kwa hatua zake zote, moja baada ya nyingine, bila kugusa waya.

Taa ndogo ilipokufa, alilivuta daftari, akatazama saa ya mkononi, akaandika mstari wa arobaini na nne. Bisibisi aliusoma juu ya bega lake, kwenye ule mwandiko uliosimama wima.

*Mchana, jua. Dakika tano, sekunde arobaini na mbili. Imezimwa na fundi.*